Tumbo Lililobaki Daftarini

Nchi ninayotaka kuisema iko mbali sana na hapo ulipo, kwa hiyo usianze kutazama nyuma. Jina lake sitalitaja, maana kulitaja kunahitaji kibali, kibali kinahitaji barua ya balozi wa nyumba kumi, na balozi wetu, kama utakavyoona, tumeshachokana naye. Ila ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina mihuri ya kila rangi. Watu wake ni wapole kwa sababu muda mwingi wako kwenye foleni, na kwenye foleni huwezi kugombana na mtu ambaye baadaye utamwomba akushikie nafasi.

Mimi naitwa Siwema. Shule nimeishia darasa la saba, kwa hiyo mambo ya sheria nayaeleza kama yalivyonipata, si kama yalivyoandikwa. Naandika kwa ajili ya mwanamke anayetaka mtoto na mwili umemkatalia. Mwenzangu, soma polepole. Nilipopita mimi usipite.

Kizazi changu kilitolewa nikiwa na miaka thelathini na moja, kwa ajili ya uvimbe. Mayai yakabaki. Daktari mmoja mwenye subira akatueleza, mimi na mume wangu Shomari, kwamba yai langu na mbegu ya Shomari vinaweza kukutanishwa maabara, kisha mimba ikapandikizwa kwa mwanamke mwingine mwenye kizazi kizima, naye akatubebea. Mdogo wangu Mwasiti, fundi cherehani, hakungoja hata nimwombe.

"Dada," alisema, "kizazi changu kimekaa tu kama chumba cha wageni. Lete mgeni."

Mimba ilishika mara ya tatu. Mara mbili za kwanza sizielezi, nililia vya kutosha wakati ule.

Sasa sikiliza kosa langu. Mwasiti anaishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima, kwa hiyo mtaani kwetu hakuna aliyeliona tumbo lake. Mimi nikaona aibu. Nikawaza majirani watakavyosema, mtoto wa chupa, mtoto wa kuazima, mama asiyejua uchungu. Basi nikachukua mto wangu wa kulalia, mto wa sufi, wenye foronya niliyoitarizi mwenyewe maua na maneno "Lala Salama", nikajifunga tumboni na khanga. Kila mwezi nikawa naongeza sufi kidogo. Shomari alinionya. Alisema mtoto ni wetu, tumwambie atakayeuliza. Nikamjibu kuwa yeye ni mwanamume, hajui kisimani watu wanaongea nini.

Katika nchi ile balozi wa nyumba kumi ana kazi nyingi, lakini kubwa kuliko zote ni kutunza Daftari la Matumbo. Serikali inapenda kujua watu wake kabla hawajafika. Kwa hiyo balozi huzunguka na kamba ya katani yenye mafundo tisa, kila fundo mwezi, anampima mjamzito kiunoni na kuandika kwa wino. Balozi wetu, Mzee Kibwana, alinizungushia ile kamba kwa heshima sana, uso ameugeuza pembeni anatazama kuku.

"Miezi mitano," akasema. "Hongera, mama. Umeingia daftarini."

Nilimpa chai. Nilikuwa na furaha kama mjinga, maana nilidhani siri imefungwa vizuri. Sikujua sheria ya daftari lile. Tumbo likishaingia halitoki mpaka lizae, na hati ya hospitali ionyeshe kwamba limezaa.

*

Tunu alizaliwa hospitali ya mjini kwa Mwasiti, mwezi wa mvua ndogo, kilo tatu na robo, amekunja ngumi. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda. Mkunga alinikabidhi mimi kwanza, Mwasiti ndiye aliyemwambia afanye hivyo, na kwa dakika kama kumi hivi nchi nzima ilikuwa na akili.

Kisha akaja karani na fomu. Akauliza nani yuko kitandani. Tukamweleza habari yote, yai, mbegu, maabara, na Mwasiti akaongeza kwa kinywa chake kwamba yeye ni njia tu, mtoto ni wa dada. Tulimwonyesha barua ya daktari. Karani aliisikiliza habari yetu mpaka mwisho, alikuwa kijana mwenye adabu, halafu akaandika: Mama, Mwasiti. Baba, Shomari.

"Kanuni inasema mama ni aliye kitandani," alinieleza. "Ungelala wewe, ningekuandika wewe."

Nilimwuliza kama naweza kulala sasa hivi. Akasema muda wa kulala umepita.

Hivyo nikarudi mtaani na mtoto mkononi na tumbo limekwisha. Wanawake walipiga vigelegele, wakaleta uji, wakasema Tunu kachukua pua yangu, na kweli ni pua yangu. Aliyekataa kufurahi alikuwa Mzee Kibwana peke yake. Alitaka hati ya kuzaa yenye jina langu ili akate mstari. Nikampa cheti cha Tunu. Alikisoma akiwa amekiweka mbali na macho, kisha karibu, kisha akasema cheti hiki ni cha tumbo la Mwasiti, na Mwasiti si wa nyumba zake kumi. Mtoto huyu ametoka tumbo jingine. Langu bado liko wazi.

Nikamwambia ukweli, kwamba lilikuwa mto. Alinitazama kwa huruma. Alisema yeye alipima kwa kamba ya serikali, na kamba ya serikali haijawahi kupima mto.

Tangu siku hiyo, kila tulipokutana alinisalimia namna moja: habari za asubuhi, habari za nyumbani, na tumbo bado? Mwaka ukapita. Mimi nikacheka. Mwaka wa pili nikaacha kucheka.

*

Tunu alipokaribia miaka mitatu ilitangazwa Sheria ya Kila Mtoto kwa Mama Yake. Wakubwa walikuwa wamegundua kwamba watoto wengi wa nchi ile wanalelewa na bibi, shangazi na majirani, bila mpangilio. Basi ikaamriwa kwamba mtoto akifikisha miaka mitatu gari la serikali litampeleka kwa mama aliyeandikwa kwenye cheti, akae huko, na mkaguzi atapita kila mwezi kuhakikisha. Barua yetu ililetwa na Mzee Kibwana mwenyewe. Ilisema mtoto Tunu yuko nyumbani kwa Siwema, ambaye ni mama yake mkubwa tu, na atarejeshwa kwa mama mzazi Mwasiti baada ya siku arobaini.

Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Tunu alikuwa anakula muhogo, ananiuliza kama barua ina picha.

Kesho yake nilikwenda Wizara ya Uzazi Halali. Ina madirisha kumi na mawili. Dada wa dirisha la nne alisoma cheti, akaona mume wangu amezaa na mdogo wangu, akavua miwani. Alinishika mkono kupitia kwenye tundu la dirisha. Aliniambia pole sana, wanaume ndivyo walivyo, akanipa fomu ya Wake Waliotendewa na glasi ya maji. Nilipomweleza habari ya maabara alizidi kunihurumia. Alisema wote wakifumaniwa huwa na kisingizio, ila cha maabara alikuwa hajakisikia.

Nikampigia Mwasiti aje. Alifunga cherehani yake akaja, akasimama mbele ya dirisha la saba, akatamka wazi kuwa mtoto si wake, ni wa dada yake, na yuko tayari kuweka sahihi popote. Karani alimwandika haraka, nasi tukafikiri mambo yamenyooka. Baada ya saa moja akatoka askari mmoja. Kumbe mama wa kwenye cheti akisema mtoto si wake, kosa hilo linaitwa kutelekeza, na kifungo chake ni miaka minane. Mwasiti ikabidi apige magoti na kusema alipitiwa, mtoto ni wake kabisa, anampenda mno. Hayo nayo yakaandikwa, yakagongwa muhuri, na yakawa ushahidi dhidi yangu.

Tulikaa nje kwenye ngazi. Mwasiti alikuwa anafuta vumbi magotini, lakini mdomo haujatulia.

"Dada, ungezaa punda ungeshapewa karatasi."

Alikuwa hajui kwamba amekaribia.

*

Barua ya daktari ilisema waziwazi kuwa yai lilikuwa langu. Dirisha la tisa walitafuta sheria ya yai katika vitabu vyote vya wizara, wakakosa, kwa sababu nchi ile haijatunga sheria ya mwanamke mwenye yai lililobebwa na mwingine. Lakini sheria ya yai wanayo. Iko Wizara ya Mifugo, Idara ya Kuku. Faili langu likapelekwa huko na mimi nikalifuata.

Ofisa wa kuku alikuwa mzee wa makamo, shati limepauka, na chini ya meza yake kifaranga kimoja kinalia ndani ya boksi. Nakiri mbele yenu kwamba ndiye mtu wa kwanza aliyenielewa. Aliuliza maswali ya maana. Yai la nani? Langu. Aliyeatamia ni nani? Mdogo wangu. Aliyemlisha mtoto, akamwogesha, akakesha naye akiwa na homa? Mimi na mume wangu. Alifungua kanuni zake, akasoma kwa kidole, akafunga kitabu.

"Kwa kuku, mama," akasema, "ungeshinda."

Aliniandikia barua ya kunisindikiza, mistari minne, safi. Ilipofika wizarani ilikataliwa kwa kuwa ina alama ya jogoo.

Zilibaki siku kumi na nane. Ndipo nikapata nafasi ya kumwona Mkurugenzi mwenyewe, Dokta Sifaeli Ngwandu. Udokta wake ni wa kupewa na chuo cha nje kwa mchango wake katika mihuri. Alinikaribisha vizuri. Nilidhani atazungumza nami, kumbe alikuwa na hotuba, na mimi nilikuwa ukumbi.

Alisema familia ni msingi wa taifa. Alisema serikali haiwezi kuruhusu kila mwanamke ajitokeze na kudai mtoto eti kwa sababu tu mtoto ni wake. Alisema leo ni yai, kesho mtu ataleta jino. Alipomaliza alipumzika, akanywa maji, akafungua faili langu kwa mara ya kwanza. Alisoma ukurasa mmoja. Uso ukabadilika.

"Mama, wewe una mimba ya miezi arobaini na nne."

Nikamwambia hapana, mheshimiwa, ule ulikuwa mto.

"Tunajua ni mto," alisema. "Balozi wako ameripoti maelezo yako. Suala si mto. Suala ni kwamba mto umesajiliwa."

Akanieleza, safari hii bila hotuba, na nadhani alikuwa na wasiwasi wa kweli. Takwimu za wizara zilikuwa zinaonyesha kwamba katika taifa zima kuna tumbo moja lililochelewa miaka mitatu, na wafadhili wameanza kuuliza. Hawezi kulifuta, kwa maana kulifuta ni kusema daftari limekosea, na daftari likikosea mara moja nani ataamini kwamba hata yeye mkurugenzi amezaliwa? Njia ni moja tu. Tumbo lizae.

*

Nilizaa tarehe kumi na mbili, saa nne asubuhi, katika wodi ya wazazi, mbele ya Kamati ya Matumbo Yaliyochelewa. Nililetewa gari. Niliamriwa kujifunga mto kama nilivyojifunga wakati ule, na Mzee Kibwana akanipima kwa kamba yake. Mafundo tisa hayakutosha, ikabidi aunganishe na mkanda wake wa suruali. Mjumbe mmoja wa kamati aliuliza kama nina uchungu. Nikamjibu ninao, wa miaka mitatu. Akaandika.

Mkunga alikuwa mama mtu mzima, ameshaona mengi. Alinifungua khanga, akautoa mto, akauinua kwa mikono miwili. Kwa mazoea akaupiga kofi dogo kwa nyuma. Sufi kidogo ikaruka. Wajumbe wakapiga makofi, Mzee Kibwana akakata mstari wake na kufuta jasho, na kusema kweli siku ile alionekana kijana.

Mkunga akachukua kalamu. Akasoma fomu: mama aliye kitandani, Siwema. Baba, Shomari. Mimba ilikaa miezi arobaini na tano. Penye jinsia akaitazama foronya, ina maua, akaandika kike. Kisha akaniuliza jina la mtoto.

Ndugu yangu, mimi si mtu wa akili nyingi. Lakini nilikuwa nimelala pale kwenye kile kitanda ambacho nilinyimwa miaka mitatu, nikiwa nimeandikwa mama kwa mara ya kwanza, na jina nilikuwa nalo moja tu moyoni.

"Tunu," nikasema. "Mwandike Tunu, binti Shomari."

Mkunga alinyanyua macho. Tulitazamana. Yeye alikuwa na kalamu na mimi nilikuwa na roho mkononi. Akaandika, akagonga muhuri, akaupuliza ukauke.

*

Gari la serikali lilikuja siku ya tisa baada ya hapo. Alishuka ofisa mmoja mrefu na dereva wake, na Mzee Kibwana nyuma yao. Shomari alikuwa ameketi mlangoni, mikono kaifungia kwapani. Ofisa akasoma amri: kuchukuliwa mtoto Tunu, wa kike, miaka mitatu, mama Mwasiti.

Niliingia ndani nikatoka na mto nimeufunika shuka. Nikampa.

Aliupokea kwa mikono yote miwili, kama alivyofundishwa. Akautazama. Akamtazama Tunu aliyekuwa amejificha nyuma ya mguu wangu, ananing'inia kwenye khanga.

"Na huyu je?"

Nikatoa cheti. Tunu, wa kike, siku tisa, mama Siwema. Alikisoma, akamwinamia mwanangu.

"Mbona ana meno?"

"Alikaa tumboni miezi arobaini na tano, mheshimiwa. Imeandikwa hapo chini."

Akatazama hapo chini. Imeandikwa, na muhuri upo, wa bluu. Akapiga hesabu kwa vidole. Akamgeukia Mzee Kibwana, akamwuliza kama tumbo hili analijua. Mzee yule alikuwa amemwona Tunu akitambaa, akisimama, akiiba embe dodo uani kwake. Alilifungua daftari lake, akalishika mbali na macho, kisha karibu.

"Daftari linasema limezaa wiki iliyopita," akajibu. "Mimi nafuata daftari."

Sijui kama alinisaidia au alifanya kazi yake tu. Nimemwuliza tangu hapo, anasema ni kitu kimoja.

Ofisa aliupakata mto. Aliuliza mbona hasemi. Nikamwambia huyo ni mpole. Akaweka sahihi kuwa amempokea Tunu akiwa na afya njema, wakaondoka. Tunu wangu alipouona mto unaingia garini alilia kwa sauti mtaa mzima, maana alikuwa amezoea kuulalia. Ofisa alitoa leso. Nilimsikia akimwambia dereva kuwa kazi hii ni ngumu hasa kwenye kutenganisha ndugu.

*

Utasema basi nimeshinda. Ngoja kwanza.

Mwanangu leo ana miaka minne na nusu, na kwa serikali ana mwaka na miezi sita. Kila mwezi nampeleka kliniki kwa lazima. Wanamning'iniza kwenye mizani ya vichanga, miguu inaburuza sakafuni, nesi anaandika kwamba uzito umezidi na ananionya nipunguze kunyonyesha. Wenzake wameanza chekechea. Yeye ataanza akiwa na miaka nane, pengine tisa. Shomari anamfundisha a e i o u kwa mkaa ukutani, kisha tunafuta asije akapita mkaguzi akaona mtoto wa mwaka mmoja anasoma.

Mwasiti naye anapeleka mto kliniki. Ana kadi, ana foleni, ana benchi lake. Sufi hushindiliwa ikalala, na mwezi wa tano mto ulionekana umepungua, wakamwita ofisini kumhoji kuhusu lishe. Tangu hapo anafumua foronya kila mwezi na kuongeza. Huniambia kwenye simu kwamba Tunu wa huko anakua vizuri kuliko Tunu wa huku, na kwamba nesi amemtolea mfano kwa akina mama wengine. Mdogo wangu anacheka akisema hivyo. Lakini hawezi kusafiri, hawezi kuhama, na mchumba aliyekuja kumposa alirudi kwao alipoambiwa bibi harusi ana mtoto. Hilo halichekeshi. Hilo ni deni langu kwake na sijui nitalilipa na nini.

Dokta Ngwandu alipewa nishani, kwa kuwa sasa nchi ile haina tumbo hata moja lililochelewa.

Kwa hiyo wewe unayetaka kwenda kwa daktari yule mwenye subira, nenda, mwanangu yupo hapa anarukaruka, sijuti hata kidogo. Ila kabla ya daktari tafuta mwanasheria. Kabla mdogo wako hajaingia leba, uliza mapema nani ataandikwa, na usikubali kuambiwa tutaona. Usione aibu. Mtoto aliyetafutwa kwa machozi hahitaji kufichwa. Na ukijikuta umeshika mto na khanga mbele ya kioo, uweke chini.

Juzi Tunu aliniuliza yule Tunu mwingine atarudi lini kutoka kwa mama mdogo. Nikamwambia amekwenda kumkalia yeye nafasi. Akafikiri, akauliza kama yule akichoka itabidi yeye aende.

Nilimvuta karibu tulale. Mimi siku hizi nalala bila mto. Tunu huniwekea kichwa juu ya mkono, na mkono ukifa ganzi siuondoi.